Tisa ya Greenwich

Kazi yangu ni kubishana na kompyuta kuhusu saa ya mvua. Programu za kukadiria hali ya hewa zina haraka ya ajabu: jua likipasha ardhi joto kidogo tu, zinamwaga mvua saa sita mchana. Wingu la kwetu Litein halina pupa hiyo. Hujijenga polepole, likangoja upepo wa ziwani upande milimani, ndipo litupige kwa mvua ya mawe alasiri. Nilirekebisha programu yangu miezi mingi, na koito yangu ilipokaribia nikajiona nimeiweza.

Koito ni siku ambayo familia ya mchumba huja kwenu kuposa rasmi, na lazima wageni hao wale washibe. Ya dada yangu ilinyeshewa. Wakwe walikula wamesimama zizini na ng'ombe, na kanisani mama hasikii lingine tangu hapo.

"Hii ya pili ikilowa, mimi nahama," aliniambia, na hakuwa anatania.

Nikamtumia kwa simu mchoro wa mvua, nguzo moja ndefu juu ya 09. Michoro yetu hufuata saa za Greenwich. Ukiongeza tatu unapata kumi na mbili ya Kizungu, yaani saa sita mchana. Hayo yote nilimwandikia chini yake. Kumbe mama hufungua picha tu, maneno humwachia aliyeyaandika.

Siku yenyewe nilifika asubuhi nikakuta meko baridi. Nilitaka kulia.

"Mama, mvua ni saa sita!"

"Nani amesema?"

"Mimi!"

"Wewe ulituma tisa, nimeona na macho yangu. Kwani huko Nairobi mko na tisa ingine?"

"Ni tisa ya Greenwich!"

"Huyo Greenwich ni mkwe?"

"Hapana."

"Basi asituharakishe."

Saa sita ilifika na jua kali. Wakwe, wafanyabiashara Wakikuyu waliokuja tayari kwa baridi yetu, walivua makoti wakala bila wasiwasi. Mimi nilikaa hemani na shanga zangu, nikiikodolea macho mbingu iliyonisaliti. Ilipokaribia saa tisa mama akapiga makofi.

"Masufuria ndani! Wageni, karibuni ndani!"

Sufuria ya mwisho ilipopita mlangoni tu, mawe yakaangukia mabati kwa fujo, hata mchungaji aliyekuwa akiomba akakimbilia amina. Mama akasimama mbele ya wakwe, machozi yakimlengalenga.

"Mtoto wangu alisema tisa. Si mmeona?"

Wakampigia makofi. Nilifungua mdomo nieleze kwamba kompyuta imekosea, na yeye amekosea kuisoma, na makosa mawili yamekutana. Dada yangu akanikanyaga mguu. Nikamkumbatia mama, na kusema kweli nilikuwa na furaha kuliko bibi harusi yeyote.

Mwaka huu programu hatimaye imekubali kunyesha alasiri. Mchoro wangu mpya unaweka nguzo juu ya 12, ambayo kwa saa zetu ni tisa kamili. Wakubwa wangu kazini wamenipongeza. Lakini koito ya mdogo wetu ni wiki ijayo, na mama ameshapiga simu.

"Nitumie ile picha. Masaa nitajisomea."

Nikaangalia ile 12, ambayo yeye angeisoma kumi na mbili jioni. Kisha nikafungua programu ya zamani, ile yenye makosa, nikamtumia tisa yake.