Shemeji na Pushapu Zake Tano

Kijicho hakina dawa, na cha mpakiaji aliyeitwa Vyuma kilimwanza siku aliposikia wapakiaji wenzake wa ghalani wakimwita shemeji yake "Mwalimu." Jina hilo lilikuwa lake. Miaka kumi na miwili aliwafundisha kunyanyua vyuma kwenye jimu ya nyuma ya karakana, mpaka mwenye nyumba akaigeuza stoo ya rangi na vyuma vikauzwa kwa kilo. Tangu hapo, kila akitoka kazini, Vyuma alikaa barazani akinenepa, akisema mazoezi yamekufa.

Wapi! Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ni fundi cherehani mwembamba ambaye kule jimu alijulikana kwa kufuta vyuma vumbi tu. Sasa alikuwa akiwafanyisha watu mazoezi uani kwake bila chuma hata kimoja. Kilichomchoma Vyuma ni kwamba mbinu zote zilikuwa zake: seti chache, kupumzika dakika tatu, kushuka polepole kwa kuhesabu hadi nne, kuongeza mzigo kila wiki. Ila hapa mzigo ulikuwa mwili wa mtu mwenyewe. Ukizoea, unapandisha miguu kwenye kigoda. Ukizoea tena, unauelemeza uzito mkono mmoja.

Jumamosi moja uvumilivu ukamwishia, akaenda kumuumbua.

"Shem, nasikia unapiga pushapu tano tu halafu unakaa," alisema, watu wakisikia. Hakungoja jibu. Akavua shati, akapiga arobaini chapuchapu, akasimama akihema na kutazama nani anapiga makofi.

"Arobaini siziwezi, shemeji," fundi alisema. "Sasa nipe tano za kwangu. Miguu kwenye kigoda, mimi nahesabu."

Ya kwanza ilikwenda. Ya pili mikono ikaanza kutetemeka. Ya tatu alishuka moja, mbili, tatu, nne, kifua kikakaribia saruji. "Shikilia hapo," shemeji akasema. Alishikilia, lakini kupanda kukamshinda, akalala kifudifudi mbele ya watu aliowafundisha mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Fundi alimshika mkono, akamwinua. "Jamani, haya yote nimejifunza kwake," akawaambia. "Mimi nimeondoa vyuma tu."

Laiti angemcheka. Mtu akikucheka, unamchukia kwa raha zako. Huyu hata nafasi hiyo alimnyima. Vyuma akarudi nyumbani na wivu maradufu, wa jina na wa ule moyo wa shemeji yake.

Kesho yake alirudisha mlango wa chumbani, akaweka miguu kitandani na mikono sakafuni. Alikuwa kwenye hesabu ya tatu mkewe alipoingia.

"Unafanya nini, mume wangu?"

"Natafuta kiatu."

Mkewe akachungulia uvunguni, kisha akamtazama mgongo kwa makini.

"Inua kiuno," akasema. "Kaka anasema usiache tumbo lilegee."