Bibi Kwenye Nyumba ya Magurudumu

Kwa nini watu wawili wanaopendana wasitazamane usoni? Nilikuwa na miaka minane nilipoanza kujiuliza swali hilo, na kila niliyemwuliza alinijibu kwa namna ile ile: ndivyo ilivyo. Jibu hilo sikulipenda wakati ule, na hata leo silipendi.

Juzi nilikuwa napita Keko, hapa Dar es Salaam, kwenye vibanda vya mafundi seremala, upepo ukaniletea harufu ya mbao iliyotoka kupigwa randa. Nilisimama njiani kama mtu aliyeitwa jina. Nilikuwa Isansa tena, kijijini kwetu, kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba, maranda yamenifika vifundoni, na baba yangu amelala chali chini ya tela la kubebea kahawa, anagonga kitu kwa nyundo huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Wawili ninaowasema ni huyo baba yangu na bibi yangu, mzaa mama. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana, hawakula pamoja, wala hawakusemezana ana kwa ana. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Wote wawili walikuwa Wakristo wa misheni, lakini hilo halikuwaletea tabu, kwa kuwa kanisani wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao. Na walipendana, msidhani vingine. Baba alivuna kahawa ya bibi kabla ya kugusa ya kwake. Bibi naye, kila mkungu mzuri ukiiva, aliuleta kwetu umefunikwa kanga, akauacha mlangoni na kutokomea.

Maneno kati yao yalihitaji mtu wa kuyabeba, na mtu huyo nilikuwa mimi. Baba angesimama upande huu wa ua na bibi upande ule, hatua tano tu, kisha baba akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani, "Rebeka, mwambie bibi yako mvua inakuja, aanue kahawa." Bibi alitulia kama mtu asiye na masikio. Mimi nilipouzunguka ua na kusema yale yale, tena kwa sauti ndogo kuliko ya baba, ndipo alipoinuka.

Mwaka huo ilikuja barua kutoka Mpika, Rodeshia ya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Mama mdogo Neema, kitinda mimba wa bibi, aliyeolewa na kijana mwenye kazi ya barabara huko, alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya kupoteza mimba mbili. "Mama, njoo umshike kabla mvua hazijafunga njia," aliandika. Bibi alinitaka nimsomee barua ile mara nne. Maishani mwake hakuwahi kuvuka Tunduma.

"Huyu nisipomshika," alisema, "hata mkinizika sitalala."

Lakini angefikaje? Baba alikuwa na pikapu kuukuu, aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Bibi kukaa mbele, bega kwa bega na mkwe wake, lilikuwa jambo lisilosemeka. Kukaa nyuma juani kama gunia ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Na kupanda basi? "Nikalale kwenye baraza za watu nisiowajua," alisema bibi, "na huku nina mkwe mwenye gari?"

Hapo baba akakumbuka kitu alichokiona Tunduma. Wazungu wa kusini walizoea kupita na barabara kuu wakivuta nyuma ya gari nyumba ndogo nyeupe, yenye madirisha na mapazia. Moja ilisimama mpakani kwa pancha, baba akawasaidia kuiziba, na alipokuwa chini aliipima yote kwa shubiri.

"Gari liko mbele, nyumba iko nyuma," alimweleza mama. "Katikati kuna ukuta, kuna nafasi, kuna chuma. Heshima yote imo."

Basi tela la kahawa likaota kuta za mbao, kisha paa la madebe yaliyonyooshwa, kisha kitanda cha kamba. Baba alijifunza useremala misheni, na sijapata kumwona akifanya kazi kwa raha kama siku zile. Ukuta wa mbele hakuuwekea dirisha, bibi asije akaona kisogo chake. Kioo cha dereva cha kutazamia nyuma alikigeuza kitazame chini, asije yeye akamwona bibi. Ndani ya pikapu alining'iniza kengele ya mbuzi, akaifunga kamba ndefu iliyoingia ndani ya nyumba kwa tundu. Kuvuta mara moja kulimaanisha punguza mwendo. Mara mbili, simama. Mara tatu, simama sasa hivi.

Ikabaki kuipanga safari yenyewe, na hapo ndipo miguu yangu ilipokoma kwa kukimbia. Baba alichora njia kwa chaki juu ya ubao: Vwawa, Tunduma, Isoka, Mpika, na kila mahali palipokuwa na kijito cha kujazia maji rejeta ya gari akaweka duara. Nikaubeba ubao mpaka kwa bibi, nikamsomea.

"Mwambie baba yako hii siyo safari," alisema. "Hii ni orodha ya mito."

Safari ya bibi ilikuwa ya watu. Tunduma kulikuwa na binti wa shangazi yake ambaye asingeweza kumpita bila salamu. Ng'ambo, Nakonde, kulikuwa na shemeji yake. Baada ya hapo hatukuwa na mtu, na huko ndiko tungelala ndani ya "nyumba yangu". Nilikimbia na hayo.

"Muulize bibi yako, huyo shemeji ana maji?"

Nikarudi. "Mwambie baba yako hana maji, ila ana togwa. Gari linywe nini, hilo ni shauri la gari."

Wiki mbili mambo yakaenda hivyo. Bibi alitaka kuku wawili waingie. Baba alikubali mmoja. Bibi akasema kuku hasafiri peke yake. Bibi alitaka jiwe lake la kusagia, kwa kuwa hakujua watu wa huko wanasaga vipi. Baba alilitazama tela, halafu akasema, mwambie sawa. Nilianza kuchoka, na mimi nikichoka huanza kuuliza. Ikiwa bibi anamsikia baba, na ninajua anamsikia, maana macho yake hucheka kabla sijafika, mimi ni wa nini? Je, nisipoyapeleka maneno, itakuwaje?

Nikaamua kujaribu. Siku ya majaribio, kabla hatujaivuta nyumba ile kwa mara ya kwanza, baba alichungulia mlangoni wakati bibi amekwenda nyuma ya jiko. Alikuta jiwe, gunia la maharage na debe mbili za unga vimepangwa nyuma kabisa, mbali na kichwa cha kitanda. Akaunganisha tela kwenye gari, akaubonyeza mkono wa chuma unaoshika gari na tela, akatikisa kichwa.

"Rebeka! Mwambie bibi yako mizigo mizito ikae mbele, karibu na gari. Nyuma ikizidi, nyumba itatupa mkia."

Bibi alikuwa hatua nne kutoka pale. Nilizunguka jiko, nikasimama mbele yake nimefunga mdomo, nikahesabu mpaka kumi. Alinitazama akingoja. Nikarudi kwa baba.

"Nimemwambia."

Tuliondoka, mimi na bibi ndani, kuku wakilalamika. Kwenye tambarare ilikuwa raha tupu. Bibi alikaa kitandani kwake, mgongo wima, akiwapungia watu mkono dirishani kama bibi harusi. Kisha tukafika kwenye mteremko wa kijito. Nyumba ilianza kuyumba, kwanza taratibu kama mtoto anayebembelezwa, kisha kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nilivuta kamba mara tatu, halafu mara zisizo na hesabu. Ukasikika mlio wa chuma kikichomoka, na nyumba ikaingia peke yake kwenye matuta ya viazi vya jirani, ikalala upande.

Unga ulielea hewani kama ukungu. Nje, miguu ya baba ilikuja mbio, ikakwama ghafla hatua tatu kutoka mlangoni.

"Rebeka!" Sauti yake sikuijua. "Muulize... muulize bibi yako kama yu mzima!"

Bibi alipangusa macho. "Mwambie baba yako mimi ni mzima, ila amenipaka unga kama mzimu."

Nikarudia yote, kwa sauti ya kilio. Baba akashusha pumzi.

"Muulize kwa nini mizigo bado iko nyuma."

"Mwambie sikuambiwa."

Ubao mmoja tu ndio uliowatenganisha, na wote wawili wakaningoja mimi. Nilisema, "Sikumwambia." Nikaeleza kila kitu: jiko, kuhesabu kumi, na swali langu. Nilisikia baba akivunja fimbo kwenye mti wa jirani.

"Rebeka," alisema bibi taratibu, "mwambie baba yako asimpige mjumbe. Akimpiga, nani atampelekea maneno?"

Ilibidi nitoke na kuufikisha ujumbe huo mimi mwenyewe. Baba alinitazama, akaitazama nyumba yake iliyolala viazini, akaitupa fimbo. Kisha akasema jambo lililoniuma kuliko fimbo.

"Mwambie bibi yako safari imekwisha. Sitaua mama wa watu barabarani."

Nilipanda ndani. Bibi alikuwa anafunga kuku miguu, hanitazami. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kama maneno yasiyofikishwa hayakusemwa, basi haya nayo yasisemwe. Nikakaa kando yake, nikamshika kuku wa pili.

Kisha bibi akasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya kijito, "Rebeka, mwambie baba yako kesho jiwe nitaliweka mbele. Na maharage. Na mbolea ya viazi vya watu hawa tutaileta wenyewe."

Baba alijaribu kumtuma mama. Mama alisema ana ugali jikoni. Akamtuma jirani mwenye viazi, naye akasema yeye haingilii mambo ya wakwe. Siku mbili nzima baba alizunguka na habari yake isiyo na mbebaji, na siku ya tatu nikamkuta chini ya tela, anatia pini mpya nene kama kidole gumba, akipiga mluzi.

Tulifika Mpika siku ya nne ya safari, wekundu kwa vumbi. Mama mdogo alitukimbilia na mtoto, bibi akampokea akiwa bado ameketi kitandani mwake, mlango wazi, akaanza kumwimbia jina lake. Baba alisimama mbele ya pikapu ametupa mgongo, anatazama vilima, mabega yanamtikisika. Alikuwa analia au anacheka, sikuuliza.

Nilipokuwa Chuo Kikuu niliandika insha kuhusu desturi ile. Niliiita mnyororo uliowafunga watu wazima wawili midomo, nikasifiwa sana. Likizo nikamsomea mama tukichambua kahawa. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na siku ile ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mtu anaweza kuupenda umbali kama wengine wanavyopenda kukumbatiana, na kuutunza kwa mikono yake. Mkwe anayetaka kufunguliwa mwiko huo, mama aliniambia, hupeleka mbuzi na jembe jipya, wakala sahani moja, na mambo yakaisha. Baba alimpeleka mbuzi huyo mwaka niliozaliwa mimi. Bibi alimpokea, wakala, wakatazamana mchana kutwa mbele ya ukoo mzima, na kesho yake, bila kulazimishwa na mtu, wakaanza tena kukwepana.