Mkaja wa Mwanne

Hapa Kwihara hakuna anayejua kuendesha posa kunizidi mimi, mjomba Masolwa, na darasa langu la nne hili hili. Kwa hiyo posa ya Ummy ilipokuja, nilikaa mbele ndani ya kanzu ya kuazima, nimependeza kuliko bwana harusi.

Ummy ni mtoto wa mpwa wangu Mwanne. Mwanne alipata mimba akiwa kidato cha pili; shule ikamfukuza, na dada yangu Nyamizi, mama yake, akamchukua mtoto akamlea kama kitinda mimba wake. Ummy akakua akimwita Nyamizi "mama" na Mwanne "dada". Kijiji kizima kilijua, hata Ummy mwenyewe, ila hakuna aliyetamka. Tuliita heshima.

Mwanne akajifunza cherehani, akashona miaka mingi barazani pa duka la Badrudin mjini. Mwaka juzi akaacha. Halali, haogi, anatazama ukuta. Tukasema mapepo, tukamfukiza ubani mpaka mbuzi wakapiga chafya. Mwishowe tukampeleka hospitali. Muuguzi akamuuliza, "Una watoto wangapi?"

"Sina," akajibu. Ummy alikuwa pale pale, kamshikia mkoba.

Ndipo Mwanne akalia. Toka hapo anakwenda kliniki, anameza dawa, anazungumza na yule muuguzi. Siku nyingine anashona, siku nyingine haamki.

Basi, siku ya posa wageni wakaleta mkaja, khanga anazopewa mama wa binti kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo baada ya kumzaa. Nyamizi akanyoosha mikono, akapokea. Mwanne, kasimama mlangoni, akainamisha kichwa.

"Wewe kikongwe," nikasimama nikamwambia dada yangu, "tumbo hilo ulilifunga lini? Au ulizaa mimi nimelala?"

Wageni wakacheka. Nyamizi hakucheka. Alikaa na zile khanga mapajani hadi nikaanza kuuogopa mdomo wangu. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akamfunga Mwanne khanga kiunoni.

"Chukua, mwanangu. Mimi nilikulelea tu."

Mwanne akalipapasa lile fundo. Halafu akanitazama.

"Mjomba, kaa chini. Unawazibia watu pilau."

Tangu augue hakuwa amenitania hata mara moja. Nikakaa.

Ummy bado humwita "dada", ulimi umezoea, kisha hujirekebisha. Mwanne huitikia yote mawili. Kliniki anaendelea kwenda. Nampeleka mimi, kwa baiskeli yangu, ambayo Kwihara nzima haina mwenzake.