Miche ya mitini iliyofika bila majani

Leo nimembishia mtu mzima mbele za watu. Tena mimi, ambaye wageni wakija najifungia chumbani!

Niliwashawishi majirani hapa Mapinga tuagize miche ya mitini kwa pamoja kutoka kitalu kimoja Lushoto. Imefika leo, haina hata jani moja.

Bi Mwanahawa, jirani yetu, akaushika mmoja.

"Mjukuu wangu, umetuagizia kuni?"

Wakacheka wote. Wengine wakaanza kuondoka, nikaona na imani yao kwangu inaondoka.

Nikakaza sauti. "Bibi, imepukutika njiani tu, iko hai. Hebu kwaruza gome kwa ukucha."

Akakwaruza. Ndani kijani kibichi!

Bi Mwanahawa akaukumbatia ule mche:

"Huu wangu. Na ule mnene msiuguse."

Nyie mngethubutu kumbishia mtu mzima hivyo?