Banda la Milingoti ya Mkonge

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, na sisi tuna ugonjwa mmoja: tunadhani hakuna kitu kisichojengeka kwa milingoti, yale mashina marefu ya maua ya mkonge yanayokaukia shambani. Baba alijengea jiko, choo, hata kitanda nilichozaliwa juu yake. Kitanda kile kilivunjika, lakini hiyo ni habari nyingine, na marehemu mama hakupenda isimuliwe.

Nilitaka kusema habari za mbwa. Ninao wawili hapa Nguvumali, wapole mno, na upole wao ndio uliotaka kunitenga na jirani yangu. Huyu ni mtu wa asili ya Omani, Muislamu wa swala tano, na kwa miaka mingi kila alasiri alikuja barazani kwangu tunywe kahawa na kuwasema watu. Mbwa wakampenda. Siku moja wakamlamba kanzu, akaenda kuifua mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka. Wiki ya pili wakamlamba tena.

"Mzee mwenzangu," akaniambia taratibu, "sina ugomvi na wanyama wako. Ila wasipokuwa na mahali pao hadi Ijumaa, mimi kwako ndiyo basi. Udongo wenyewe unaniishia."

Mke wangu akasema niite fundi. Nikamwuliza fundi wa nini na mimi nipo. Shule niliishia darasa la tatu, futi sijui kuisoma, basi nikawapima mbwa kwa kamba. Nikakata milingoti, nikapigilia mbao za makasha ubavuni, juu nikaezeka makuti. Alhamisi banda likasimama, nikalizunguka mara tatu nikijisifu.

"Mbona unaliinua kwa mkono mmoja?" mke wangu akauliza.

"Ndiyo ufundi wenyewe huo," nikamjibu.

Ijumaa adhuhuri nikawafunga mbwa kwa minyororo kwenye nguzo za banda, nikakaa barazani nimekunja nne, nikimsubiri jirani apite kwenda msikitini aone. Akapita, kanzu nyeupe pee. Mbwa wakamwona mpenzi wao, wakainuka. Na banda likainuka nao.

Mlingoti mkavu ni mwepesi kama ganda la karanga. Hilo nalijua tangu utoto, sijui siku ile lilijificha wapi kichwani mwangu. Banda zima likatoka uani linaburuzwa, na mimi nyuma na ndara moja, nalishika paa, paa linabaki mkononi. Jirani kugeuka, anaona nyumba inamjia. Mtu wa miaka sabini na kitu, akapanda ukuta wa watu kwa mruko mmoja, kanzu ameikusanya magotini.

"Nilikwambia uwajengee nyumba," akasema kutoka juu, "sikukwambia uwape gari."

Nikawashika mbwa, nikaomba radhi. Akageuza uso. Nikajua basi, sasa kahawa nitakunywa na mke wangu, ambaye hainywi. Kisha nikaona mabega ya jirani yanatikisika. Alikuwa anacheka, hawezi hata kushuka.

Baada ya swala akarudi na mkokoteni wa mbao za mvule, za kitanda chake cha zamani, nzito kama dhambi zangu. Akaomba kiti, akakiweka mahali minyororo haifiki.

"Nguzo zifukie kwanza," akaniamrisha. "Hapo umepinda. Ng'oa."

Nikafukia, nikang'oa, nikapigilia mpaka magharibi, na kila msumari nilioupinda alimwita mke wangu aje aushuhudie.