Sahihi za Jumapili

Mama yangu alianguka penye mfereji wa kuteka maji mtaani kwake Lindi, hapa mjini, siku ya Jumanne, na aliyemwangusha ni binti yangu wa gredi ya tatu. Hakumsukuma. Alimsomea dawa.

Ilikuwa hivi. Mama ana presha. Ijumaa alikuwa amepewa vidonge vipya kliniki, ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: kidonge kimoja kila asubuhi baada ya kula. Mama hajui kusoma. Mwenye ploti anakopanga, mama mmoja Mnubi, ndiye humsomea kila kitu tangu zamani, lakini wiki ile alikuwa amekwenda arusini Mombasa. Binti yangu hulala kwa nyanya yake kila Jumamosi, basi Dani, kama anavyomwita, akamkabidhi bahasha. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, akasema bila kusita, "Mbili asubuhi, mbili jioni, Dani."

Kufikia Jumanne presha ilikuwa imeshuka mpaka miguu ikakataa kumbeba. Majirani walimkuta ameketi topeni kando ya mtungi wake, wakampeleka kliniki, wakanipigia simu. Mimi husuka nywele katika saluni moja pale steji ya Kawangware 56. Nilimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima, nikakimbia. Nesi alinipokea mlangoni na swali moja.

"Nani alimwambia ameze nne kwa siku?"

Mama akajibu kutoka kitandani, tena kwa fahari. "Ni mjukuu wangu alinisomea. Alisoma vizuri sana, hata hakukwama."

Mama alilala pale siku mbili na akapona, kwa hivyo hadithi hii si ya matanga. Lakini jioni ile nilirudi nyumbani Gatina nimefura kama andazi. Nilikuwa na ile bahasha mfukoni. Binti yangu alikuwa mezani, daftari limefunguliwa, penseli nyuma ya sikio kama karani. Niliiweka bahasha mbele yake.

"Soma."

"Vidonge viwili..." akaanza, na hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa ananitazama mimi. Akiona nimekunja uso anabadilisha. "Vidonge... vitatu?"

Nilichomoa kitabu chake cha hadithi kwenye begi. Ukurasa wenye picha ya soko aliusoma wote, kwa sauti tamu, akipumzika penye nukta. Nikafunika picha kwa kiganja nikamwambia arudie mstari wa tatu peke yake. Akanyamaza. Nikafungua ukurasa ambao hawajafika darasani. Akaanza kulia. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekariri vitabu vizima ili asijue mtu kwamba hajui kusoma, na hesabu zake za kuzidisha ziko sawa, saa anaijua, mito ya Kenya anaitaja.

Nilimfokea. Sitajisafisha hapa. Nilimuuliza kama alitaka kumuua nyanya yake, swali ambalo mtu hamuulizi mtoto, na ukuta wetu ni mwembamba kiasi kwamba nadhani gorofa nzima ilinisikia.

Kesho yake asubuhi sikwenda kazini. Nilikwenda shule na hasira za watu kumi. Ni shule ndogo ya kulipia, mabati juu na mabati pembeni, na mwalimu wake ni msichana ambaye sauti imemkauka kwa kupiga kelele siku nzima.

"Karibu, keti mzazi."

"Sijakuja kuketi. Mimi nalipa fee. Nimenunua vitabu, nimeleta karatasi za manila, nimeleta mpaka fagio na tishu. Mtoto wangu hawezi kusoma neno 'kimoja'! Nyinyi mnafanyanga nini hapa?" Nikamtolea ripoti ya muhula. "Na hii ni nini? 'Anakaribia matarajio.' Amekaribia tangu gredi ya kwanza! Hafiki? Anatambaa?"

Watoto walikuwa wameacha kuandika. Mwalimu aliwaambia waendelee, akanivuta mpaka mlangoni.

"Mzazi, niko na watoto sitini na wawili. Kila mtu akinisomea dakika moja, lesson imeisha na nusu ya class hawajasoma. Wakisoma pamoja, huyu wako ndiye anaskika kuliko wote. Sasa mimi ningejuaje?"

"Wewe ndiye mwalimu!"

"Ndio. Na ndio maana tulileta hii." Akachukua dayari ya binti yangu kutoka rundo la mezani. "Kila jioni, dakika kumi na tano, mtoto anakusomea. Akisoma, unasign. Akishindwa, unaniandikia hapa chini. Si tulikubaliana kwa mkutano?"

Akaanza kufungua kurasa polepole, na sidhani alikuwa na nia mbaya.

"Wewe hujawahi kukosa hata siku moja. Tangu muhula wa kwanza. Dayari yako ndiyo naonyeshanga wazazi wengine." Kisha akafika ukurasa wa wiki ile, akasimama. Akaniangalia. "Lakini leo ni Jumatano, mzazi."

Sahihi yangu ilikuwa pale mpaka Ijumaa.

Sasa niwaeleze, maana najua siko peke yangu. Katika jengo letu tulikuwa na desturi. Jumapili tukitoka kanisani, akina mama wenye watoto shule ile tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za gorofa ya pili, tunapitishiana kalamu, tunatia sahihi za wiki nzima. Jumatatu hadi Ijumaa, chap chap, huku tunateta na kumenya njegere. Tulikuwa mafundi. Jumatatu tunatumia wino wa bluu, Jumanne mweusi, Alhamisi mkono unalegezwa kidogo ili ionekane mtu alikuwa amechoka. Mtoto asiye na sahihi alikuwa anasimamishwa mbele ya darasa, na nani anataka mwanawe asimamishwe? Tulijiona tunawalinda. Tulicheka sana kwenye zile ngazi, na watoto walikuwa wanacheza papo hapo miguuni petu wakituona.

Nina hasira na waliotunga zile dakika kumi na tano. Hawajawahi kusimama kwa saa saba juu ya kichwa cha mteja mmoja wakisuka rasta nyembamba, kisha warudi nyumbani saa mbili usiku, wapike, waoshe yunifomu, na macho hayafunguki. Nina hasira na shule inayojaza watoto kama viazi kwenye gunia halafu inanitumia mimi kazi yake ndani ya begi. Haya yote nilimwambia yule mwalimu pale mlangoni, na alinisikiliza, na hakukataa hata moja. Nilipomaliza aliniambia kitu kimoja tu.

"Mpaka sasa nimekuwa nikimfundisha kusoma. Gredi ya nne hakuna mtu atamfundisha hiyo tena. Kila somo linaingia kwa kitabu, na kwa Kiingereza. Tukimpeleka hivi atakaa nyuma akinyamaza, na atajifunza kunyamaza vizuri sana. Tuko na muhula mmoja."

Nikamuuliza nifanye nini. Nilitarajia aniambie tuisheni. Akasema, "Mketishe karibu yako. Mpe kitu hajawahi kuona. Aweke kidole kwa neno. Akikosea usimpigie kelele, atakuangalia uso badala ya kitabu."

Hilo la mwisho nilijua lilivyo kweli. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu usiku uliotangulia.

Niliomba ruhusa nikamchukua binti yangu saa ya chakula. Njiani nilinunua gazeti la jana kwa mama anayetumia magazeti kufungia mandazi, maana nilitaka kitu kisicho na picha ambayo angeijua. Nyumbani nikaketi kitandani, nikamwonyesha akae kando yangu, nikatandika gazeti magotini. Mwili wangu ulikuwa bado unachemka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nilijiambia, lakini safari hii nilishindwa kujua nani alimchelea nani.

"Tutaanza na hili neno," nikasema, kwa sauti ya chini niliyoitafuta kwa nguvu. "Lakini kwanza niambie. Miaka mitatu! Mbona hukuniambia hujui?"

Akainama.

"Nimekuuliza kwa upole."

"Si utakasirika."

"Sitakasirika."

Alikuwa anakunja pembe ya gazeti, anaikunjua. Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hajaonekana.

"Nilikuwa nadhani hata wewe hujui."

"Sijui nini?"

"Kusoma. Sijawahi kukuona ukisoma. Hata kwa simu unatumanga tu voice. Na Jumapili na wale wamama mnaandika tu majina bila kuangalia. Dani akiambiwa asign anawekanga kidole, wewe unaweka jina." Akanitazama usoni, akichunguza kama nimekunja paji. "Sikutaka kukuuliza uone aibu."

Nilimaliza kidato cha nne. Cheti kiko ndani ya sanduku chini ya kitanda kile kile tulichokuwa tumekalia. Nilitaka kumwambia hivyo, kwa ukali, ili ajue mama yake ni nani, lakini niligeuza uso nikatazama ukuta.

Yeye akadhani nimekasirika. Akanishika mkono, mkono huu uliokauka kwa jeli ya nywele, akaupapasa kama anavyombembeleza mtoto wa jirani.

"Usijali mama," akasema. "Nilikuwa nataka nijue mimi kwanza, alafu nikufunze."