Jiwe Nililoliacha Bila Maji

Siku ile ninaikumbuka kama ninavyokumbuka jina langu. Babu alikuwa amefunga mfuko wake wa kazi aende Runingu kujengea watu ukuta, akaniita nyuma ya nyumba. Mwanangu, sijakuzaa bado. Nina miaka kumi na sita, ninakuandikia mu kaye, daftari langu la shule, kwa sababu mbele ya watu sauti yangu inapotea. Utasoma ukiwa mkubwa.

Babu ni masoni, fundi wa kujenga nyumba. Mwaka ule mto uliposhuka toka milimani na kubeba nyumba zetu, ulibeba na mama yangu. Mwili hatukuuona. Babu akachimba shimo kwenye mchanga wa ziwa, nyuma ya nyumba tuliyohamia, akalilainisha kwa mikono, akalaza vyuma, akamimina simenti na kokoto. Kilichotoka hakikuwa na kichwa wala mikono. Kilikuwa kitu kilichoinama, na katikati kina bonde laini. Alitaka kukisimamisha kando ya mto, pale nyumba ilipokuwa, kwa sababu mama hana kaburi.

"Riziki, simenti inakomaa polepole kama muntu," akaniambia. "Siku saba uifunike na magunia, uimwangie maji asubuhi na jioni. Ukiiachia jua, itapasuka. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu. Lakini mbona haina sura?"

"Nikiweka sura, itakuwa ya mikono yangu, haitakuwa ya mama yako. Mwangia maji kwanza. Utaelewa."

Siku mbili nilimwagia. Siku ya tatu wenzangu wa darasa walipita na bido zao za kuchotea maji, wanateremka ziwani.

"Ee Riziki! Weye iko unanywesha jiwe? Litaota?"

"Muache, litazaa mawe madogo!"

"Na ile shimo? Ni kiti ao ni choo?"

Ningeweza kusema: ni mama yangu. Basi, hayo tu. Badala yake nilicheka nao. Kicheko kile bado kinaniuma. Nikasema, "Minye sijui, ni mambo ya muzee," nikaingia ndani. Upepo wa ziwa ukafunua magunia. Niliona kwa dirisha, sikutoka. Siku zote zilizobaki jiwe lilibaki na jua tu.

Babu aliporudi alipitisha kidole kwenye ufa, toka juu hadi ndani ya bonde. Nikamwambia nilimwagia. Akaniangalia mpaka nikamweleza yote: wenzangu, kicheko, na magunia.

"Ile haya uliyosikia mbele ya wenzako haikuwa ya jiwe, mujukuu wangu. Ulimuonea haya mama yako."

Hakupiga kelele. Afadhali angenichapa. Kisha akashika mkono wangu, akauweka juu ya simenti.

"Huu ni mugongo. Mama yako akiinama akubebe, alikuwa hivi. Na hili bonde ni pahali pako."

Nikalia, nikasema tuuzibe, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Akatikisa kichwa. Akasema ufa umeingia mpaka kwenye vyuma, tukikiinua, kitagawanyika. Na mikono yake sasa inatetemeka, hajamimina tena. Kiko palepale nyuma ya nyumba. Kule mtoni pameota majani tu.

Kila asubuhi ninakimwagia maji, ingawa najua hayasaidii kitu. Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Minye naongeza: na yale usiyoyamwaga kwa saa yake hayarudi.

Basi, mwanangu, ninalotaka ushike ni hili. Kitu cha mapendo kinaweza kukosa sura, watu wakakicheka. Usicheke nao. Sema ni cha nani, hata kama sauti inatetemeka. Na ukiachiwa kitu kibichi ukilinde, usikiachie jua kwa kuogopa macho ya watu. Wao watateremka ziwani wasahau, weye utabaki na ufa.

Mungu akupe mdomo ambao sikuwa nao siku ile. Na siku nitakapoinama nikubebe, mgongo wangu uwe na pahali pako, pazima. Amina.